Mihadhara ya Mjini na Kazi ya Msikilizaji

Mtoto wa Nyakakika huzoea tangu udogoni kuwaona watu wamekusanyika kusikiliza maneno. Huwaona kanisani siku ya Jumapili, huwaona katika mkutano wa kijiji, na huwaona matangani, wazee wakizungumza kwa zamu karibu na migomba. Lakini katika miji mikubwa kuna mkutano wa namna nyingine, ambao mashambani ni nadra. Mkutano huo huitwa mhadhara. Mtu aliyechunguza jambo fulani, kama vile historia, au udongo, au maradhi ya mibuni, husimama mbele ya watu wote, akaeleza kwa muda wa saa moja hivi yale aliyoyaona na jinsi alivyoyapata. Kisha hunyamaza, na watu humwuliza.

Maulizo hayo ya mwisho ndiyo yanayoutenga mhadhara na mikutano mingine. Kanisani hakuna ainukaye katikati ya mahubiri akasema, "Umejuaje?" Mbele ya hakimu maneno huisha kwa hukumu. Mhadhara hauna hukumu, wala hauna amina. Aliye juu ya jukwaa ametoa hoja zake, na aliye chini ana haki ya kuzipima. Haki hiyo isipotumika, madhara yaweza kuwa makubwa. Na nchi ya Karagwe inayo habari yake katika jambo hili.

Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Walikuwa wametoka pwani, wakitafuta chanzo cha mto wa Nile. Rumanyika aliwapokea kwa wema mwingi, akawapa mahali pa kukaa na chakula, akawa akizungumza nao mara kwa mara. Naye alikuwa mtu wa maswali. Speke aliandika kwamba mfalme alitaka kujua hata habari za jua, kama lile linalochomoza leo ni lile lile la jana, au kama kila siku huja jua jipya. Swali hilo si la kuchekwa. Wataalamu wa nyota wa zamani, katika nchi nyingi, walianza kwa maswali kama hayo. Wageni nao walilipenda ziwa dogo lililo karibu na makao ya mfalme, wakaliita Little Windermere, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa moja la kwao, ijapokuwa wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani.

Mwaka 1862 Speke alitangulia kuondoka, kwani Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu. Tarehe 28 Julai alifika mahali ambapo Nile hutoka katika ziwa kubwa aliloliita Victoria. Baadaye wote wawili wakafuata njia ya kaskazini mpaka Misri. Pamoja nao walikuwapo watumishi wachache waliovumilia safari yote, na mkubwa wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa Bara Hindi. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wa Speke njia nzima. Mjini Cairo waliagana. Bombay na wenzake walipanda meli kurudi Unguja. Speke na Grant wakaenda kwao Uingereza.

Basi tarehe 22 Juni, mwaka 1863, wanachama wa Chama cha Kifalme cha Jiografia walikutana London kumsikiliza Speke. Watu walikuwa wengi hata madirisha yakavunjika kwa msongamano. Speke akaeleza habari za safari yake na za chanzo cha Nile, na watu wakamshangilia. Lakini Rumanyika, aliyempa chakula na kumwuliza juu ya jua, alikuwa kwake Karagwe. Bombay, aliyemfasiria kila neno, alikuwa ameachwa Misri. Miongoni mwa wasikilizaji hapakuwa na Mnyambo wa kuinua mkono.

Kati ya mambo aliyoyatangaza Speke, mawili yafaa kulinganishwa. La kwanza lilihusu ziwa. Alisema ya kwamba Victoria ni ziwa moja, na ya kuwa Nile hutoka humo. Mwenzake wa zamani, Richard Burton, alimpinga vikali, akisema kwamba Speke hakulizunguka ziwa, bali aliliona mahali hapa na pale tu. Wakapangiwa kukutana katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba, mwaka 1864, mbele ya wataalamu. Mkutano huo haukufanyika kama ulivyokusudiwa, kwa sababu siku iliyotangulia Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Hata hivyo shaka ilikuwa imekwisha tiwa, na shaka ikawasukuma watu kwenda kutazama. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua. Ikaonekana kwamba Speke alisema kweli.

Jambo la pili lilihusu watu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka ule ule wa 1863, Speke aliandika ya kwamba jamaa za wafalme katika nchi hizi za maziwa, Wahima na wenzao, walikuwa kabila la kigeni lililotoka Ethiopia kuja kuwatawala wengine. Ushahidi wake ulikuwa nini? Kwa sehemu kubwa ulikuwa sura za watu: pua, na uso, na kimo. Hakuzunguka kupima maneno hayo kama Stanley alivyolizunguka ziwa. Tena waliomsikia na kumsoma huko Ulaya hawakumbana kwa swali, kwa kuwa jambo hilo lilikubaliana na mawazo waliyokuwa nayo tayari. Wasafiri wengine wakalirudia, watawala wa kikoloni wakalishika, likaingia katika vitabu vya shule. Huko Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, fundisho hilo lilisaidia kuwafanya majirani waonane kuwa wenyeji na wageni. Na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, wachochezi walilitumia waziwazi. Wakimbizi walivuka wakaingia Ngara na Karagwe kwa maelfu mengi. Wataalamu wa leo wameyakataa maneno hayo ya Speke. Jambo la ziwa lililoulizwa lilimalizika kwa miaka 12. Hili ambalo halikuulizwa lilikaa zaidi ya miaka 100.

Lakini kuuliza kuna matayarisho yake. Asiyesikiliza vema hawezi kuuliza vema. Katika mji huo huo wa London alikuwako kijana Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791. Hakusoma shule kwa muda mrefu. Alikuwa mwanagenzi katika duka la kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mnunuzi mmoja wa duka hilo alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, bingwa wa kemia. Faraday akaenda na karatasi zake. Alipokuwa ukumbini aliandika maneno makuu tu, na aliporudi nyumbani aliyaandika tena yote kwa utaratibu, akachora na picha za vyombo alivyoviona. Kazi hiyo ikawa kitabu cha kurasa zipatazo 300, akakijalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy. Mwezi wa Machi, mwaka 1813, Davy akamwajiri kuwa msaidizi wake. Mwaka 1831 Faraday aligundua jinsi sumaku na waya vinavyoweza kutoa umeme, na hata leo mitambo iliyojengwa katika maporomoko ya Rusumo, katika mto wa Kagera, hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Faraday hakuisahau tiketi ile. Alipokuwa mtu mkubwa alisaidia kuanzisha mihadhara ya sikukuu ya Krismasi kwa ajili ya vijana. Mwishoni mwa mwaka 1860 aliwaeleza habari za mshumaa mmoja tu, kwa mihadhara sita. Wakati ule ule, Speke na Grant walikuwa njiani kutoka pwani kuja Karagwe.

Siku hizi mtu wa Nyakakika hana haja ya kufika London. Dar es Salaam iko mbali, zaidi ya kilometa 1,000, lakini ni nchi moja, na basi huenda. Huko, juu ya kilima, ndiko kiliko Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba na kuhamia Mlimani mwaka 1964. Ukumbi wake mashuhuri huitwa Nkrumah. Picha yake ilichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500 yenye sura ya Mzee Karume. Mwaka 2008 chuo hicho kiliweka Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwezi wa Aprili, mwaka 2009, Wole Soyinka wa Nigeria, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1986, alikuja kutoa mihadhara. Jina la kigoda lilichaguliwa vizuri, kwa maana mzee akalia kigoda chini, karibu na wale anaozungumza nao.

Mgeni aingiapo katika ukumbi kama huo huona haya kidogo. Huona watu wenye miwani na vitabu vikubwa, akadhani kwamba yeye peke yake ndiye asiyefahamu. Sivyo. Wengi waliokaa hapo nao wamekuja kwa kuwa hawajui. Afadhali afike mapema, akae mbele, naye awe na daftari. Asijaribu kuandika kila neno, maana mkono hauwezi kushindana na ulimi. Aandike hoja kuu, na pembeni aandike yale asiyoyaelewa, kwani humo ndimo swali lake litakamotoka. Mwenyekiti akiisha kuruhusu, swali na liwe fupi. Katika kila mhadhara hupatikana mtu mmoja ashikaye kipaza sauti kama kwamba ameshika jembe la shamba lake, akaanza kueleza maisha yake tangu kuzaliwa. Na watu huanza kutazama saa. Swali lenye nguvu kuliko yote laweza kuwa na maneno mawili: "Umejuaje hayo?" Nalo laulizwa kwa adabu, bila kumfedhehesha mhadhiri, kwa kuwa mhadhiri wa kweli hulingoja.

Mwaka 1975 kilichapishwa mjini Nairobi kitabu cha Israel Katoke juu ya historia ya ufalme wa Karagwe na watu wake, Wanyambo. Alisoma maandishi ya akina Speke, lakini hakuishia hapo. Aliwaendea wazee wa Karagwe, akawauliza habari za koo, na za wafalme, na za mambo waliyoyapokea kwa baba zao. Hapo wazee ndio waliokuwa wahadhiri, na msomi akaketi kusikiliza.