Wagonjwa wa Kansa ya Damu Sasa Waishi Miaka Mingi Zaidi

Kansa ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi ni ugonjwa wa nadra. Kila mwaka huwapata watu 1 au 2 tu katika kila 100,000. Chembe nyeupe za damu huongezeka kupita kiasi, wengu huvimba, na mgonjwa huchoka, hukonda na kutokwa jasho usiku. Dalili hizo huweza kudhaniwa kuwa ni malaria. Ni kipimo cha damu kinachofichua ukweli.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia, Marekani, waliitambua kromosomu yenye kasoro katika chembe za wagonjwa hao. Hata hivyo, kwa miaka mingi dawa zilipunguza chembe hizo bila kuuzuia ugonjwa, na wengi walifariki kabla ya kutimiza miaka 6. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, dawa ya kumeza inayoizima athari ya kasoro hiyo. Katika uchunguzi mkubwa wa wagonjwa walioanza nayo, takriban 83 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Lakini mafanikio hayo yana sharti. Dawa humezwa kila siku, hata mgonjwa ajionapo mzima. Akiiacha bila idhini ya daktari, ugonjwa huweza kurudi. Basi makatibu wa vyama waelewe kwamba mwanachama wa namna hii aweza kulima na kuhudhuria mikutano kama wenzake, mradi shughuli za chama zisimkoseshe siku yake ya kliniki.