Tiba Mbadala au Tiba ya Nyongeza? Istilahi za Refleksolojia katika Uzazi

Miongoni mwa maandishi ya afya yanayowafikia wafasiri wetu yamo yanayohusu refleksolojia, yaani ufundi wa kubonyeza nyayo, na pengine viganja na masikio, kwa imani kwamba kila sehemu ya wayo ina uhusiano na kiungo fulani cha mwili. Aghalabu maandishi hayo huwalenga wanawake wanaotafuta mtoto na wajawazito. Kwa kuwa msomaji huweza kuyategemea katika jambo la uhai wake na wa mwanawe, hatuna budi kuyapima maneno yake kwa makini.

Ufundi huu ulipata sura yake ya sasa huko Marekani. Daktari William Fitzgerald, bingwa wa masikio, pua na koo, aliugawa mwili katika kanda 10 za wima, na mwaka 1917 yeye na Edwin Bowers walichapisha kitabu juu ya nadharia hiyo. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham aliiendeleza kwa kuchora ramani ya viungo juu ya miguu. Katika ramani hizo mji wa mimba huwekwa upande wa ndani wa kisigino, na ovari upande wa nje.

Hapa pana mtego wa kwanza. Neno "kanda", wingi wa "ukanda", hufanana na kitenzi "kukanda". Asomaye "tiba ya kanda" ataweza kudhani kwamba anakusudiwa kukandwa kwa maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi aliyejifungua. Wala "kuchua" hakutoshi, maana mchuaji husugua misuli, ilhali mtaalamu wa refleksolojia hukaza kidole gumba mahali maalumu. Kitenzi kinachofaa ni "kubonyeza".

Mtego wa pili umo katika hali ya uzazi yenyewe. Yafaa "ugumba" utumike kwa maana ya kitabibu, yaani kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara pasipo kinga, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. "Utasa" ubaki kwa asiyeweza kabisa kuzaa. Kumwita tasa mtu ambaye bado anaweza kutibiwa ni kumhukumu kabla ya kumpima. Na "rutuba" tuuachie udongo.

Mtego wa tatu ndio mkubwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kwa hiyo "tiba mbadala" ni istilahi iliyozoeleka, na mfasiri huikimbilia upesi. Lakini kibadala hushika nafasi ya kitu kingine. Mjamzito akiambiwa kwamba refleksolojia ni tiba mbadala, ana haki ya kuelewa kwamba aweza kuacha kliniki. Baadhi ya wafasiri husema "tiba saidizi", nalo ni afadhali, ila linaahidi msaada ambao haujathibitishwa. Katika jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2009, wanawake 48 wenye tatizo la kupevusha mayai waligawanywa: wengine walifanyiwa refleksolojia, wengine walichuliwa miguu kwa kawaida tu. Kiwango cha upevukaji wa mayai hakikutofautiana. Wapo wanaoburudika kwa kubonyezwa nyayo, lakini kuburudika si kuponywa ugumba. Kwa sababu hiyo twapendekeza "tiba ya nyongeza", istilahi isemayo tu kwamba jambo hili huongezwa juu ya matibabu, bila kuyaondoa wala kuahidi matokeo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Uvimbe wa miguu, ukija ghafla pamoja na kuumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, huweza kuwa dalili za kukaribia kifafa cha mimba. Mwanamke aliyesoma "mbadala" ataipeleka miguu hiyo kubonyezwa. Aliyesoma "nyongeza" atajua kwamba hospitali ndiyo kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya walau mara 8. Mfasiri wa kijitabu cha namna hii aliandike hilo waziwazi, na mwalimu awafafanulie wanafunzi wake tofauti ya istilahi hizi mbili.

Maoni ya wasomaji juu ya mapendekezo haya yanakaribishwa.