Kusuka Herufi za Nembo

Katika masoko ya Iringa huuzwa vikapu vya milulu, kazi ya akina mama wa Kihehe. Akikitazama kikapu kwa makini, mtu ataona kuwa kila utepe hupita juu ya kijiti kimoja na chini ya kinachofuata. Mpishano huo ndio unaokishika kikapu bila gundi wala msumari.

Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayebuni nembo ya klabu ya shule kwa kompyuta, akitaka herufi zake zisukane vivyo hivyo, hukutana na shida asiyoijua msukaji: picha haina kina. Programu za kuhariri picha, kama vile Photoshop iliyotolewa mwaka 1990 na GIMP iliyoanza mwaka 1995, huipanga picha katika matabaka, mfano wa vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Herufi ya tabaka la juu huifunika ya chini kila zinapokutana. Herufi hizo hazijasukwa, zimelundikwa tu.

Tuseme herufi ni U na O, zile zinazomaliza neno ‘chuo’, na U imelazwa juu ya O hata ncha zake zikatokeza juu na tumbo lake chini. Zitakutana mahali panne. Mtu akiifuata U tangu ncha ya kushoto, na aipitishe juu, chini, juu, chini. Akiizunguka O kuanzia hapo hapo, atapata chini, juu, chini, juu, na kurudi alikoanza bila mgongano. Hiyo si bahati. Mstari wenye ncha zote mbili nje ya duara, kila uingiapo hauna budi kutoka. Kwa hiyo makutano huwa shufwa, na shufwa huruhusu zamu kukamilika. Kwenye kikapu kinachofumwa kwa utepe mmoja mambo ni kinyume, nalo ni somo zuri la hisabati: utepe haujifungi bali hupanda, hivyo vijiti vilivyosimama sharti viwe witiri, la sivyo mzunguko wa pili utarudia ule wa kwanza na ufumaji hautashika.

Kwenye kompyuta, wengi huifuta U mahali inapotakiwa kupita chini. Njia hiyo huacha ufito hafifu wa rangi ya nyuma ukingoni. Sababu yake ni kwamba nukta za ukingo wa herufi huwa na rangi nusu tu. U iliyofutwa nusu, juu ya O iliyo nusu, huacha nusu ya nusu, yaani asilimia 25, ya rangi ya nyuma ionekane. Afadhali kuinakili O katika tabaka la tatu, juu ya U, kisha kuificha nakala hiyo yote isipokuwa kwenye makutano mawili ambapo O inapaswa kuwa juu. Hapo U nzima hubaki chini, na rangi ya nyuma haipati pa kupenya. Tena hakuna kilichoharibiwa. Kosa likionekana, nakala hufichwa upya.

Kabla ya nembo kupelekwa kwa mchonga mihuri, ambaye kazi yake haifutiki, kila herufi ifuatwe kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Palipo na ‘juu’ mbili mfululizo, ndipo pa kurekebisha.