Pampu ya stelingi inayovuja (3): Kuifungua mezani

Wiki iliyopita tulimwacha msomaji akiwa na pampu mkononi. Tulikwisha kuhakikisha kwamba tone jekundu lililokuwa likidondoka chini ya gari halikutoka kwenye mpira wa presha wala kwenye klipu ya mpira wa kurudishia, bali nyuma ya puli, pale shafti inapochomoza. Leo tunaifungua. Nimechagua pampu ya Toyota Corolla 100, gari lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1991 na ambalo bado linabeba familia na mizigo mitaani kwetu, kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi. Toyota nyingi za zama hizo zina pampu za ukoo huohuo.

Nianze na jambo linaloniuma. Pampu inayovuja si pampu iliyokufa. Mara nyingi kilichozeeka ni mpira mdogo, na chuma kingali kizima. Hata hivyo mwenye gari huambiwa anunue pampu nyingine, na hiyo nyingine huwa imetolewa kwenye gari lililochinjwa, ikakaa rafuni kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road, ikiwa na sili za umri uleule ambazo zaidi ya hapo zimekaukia dukani. Mtu analipa fedha nyingi kununua ugonjwa alionao tayari.

Tuone kwanza kilichomo. Ndani ya pampu mna pete ya chuma ambayo tundu lake si duara kamili bali duaradufu. Katikati yake inazunguka rota yenye mifereji 10, na katika kila mfereji kuna kibamba chembamba kinachoteleza kwenda nje na kurudi. Rota ikizunguka, vibamba hurushwa nje na kuukumbatia ukuta wa pete. Ukuta unapokwenda mbali, nafasi kati ya kibamba na kibamba hupanuka na kuvuta mafuta. Unaposogea karibu, nafasi hubanwa na mafuta husukumwa nje. Kwa kuwa duaradufu ina pande mbili pana, kila mzunguko mmoja huvuta mara mbili na kusukuma mara mbili, na misukumo hiyo miwili, kwa kuwa inakabiliana, haielemei shafti upande mmoja. Tairi la Corolla hujazwa upepo wa PSI 30 hivi. Pampu hii ya kushikwa kwa mkono mmoja, usukani ukikatwa mpaka mwisho, husukuma kwa PSI 800, 1,000 na hata zaidi.

Msomaji atauliza: mpira laini unazuiaje presha kama hiyo? Jibu ni kwamba hauizuii. Nyuma ya sili ya shafti kuna mafuta ya upande wa kuvuta, yenye presha ndogo sana. Ndiyo maana sili ileile, mdomo wake ukishakuwa mgumu kama kucha kwa joto la injini la miaka 20 na ushei, hufanya makosa mawili: gari likisimama inadondosha mafuta, na injini ikiwaka inaweza kuvuta hewa. Povu kwenye tangi na mlio wa kuguguma unapokata kona mara nyingi huanzia hapo, kabla kibamba chochote hakijalika.

Na usingoje. Kwenye Toyota Celsior na ndugu yake Lexus LS400, alteneta imekaa chini ya pampu ya stelingi, na wenye magari hayo wanajua vizuri kwamba tone lililopuuzwa juu huua alteneta iliyo chini.

Sasa kazi. Osha nje ya pampu kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kionekane, kisha ikaushe. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya kibamba na pete itachora mstari usiofutika, kwa hiyo meza iwe safi na kitambaa kisiwe cha kuachia nyuzi. Nati ya puli, kama ulifuata makala iliyopita, uliilegeza mkanda ukiwa bado umekazwa. Usiigonge puli kwa nyundo hata ikishupaa, na ukitumia jiliwa, weka mbao laini na ubane kidogo tu.

Toa valvu ya kudhibiti mtiririko na springi yake. Hii ndiyo inayorudisha mafuta ya ziada injini inapozunguka kasi, ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi barabara kuu. Usiipasue. Ipake mafuta safi na uiache ishuke kwenye tundu lake kwa uzito wake yenyewe. Ikishuka kwa utulivu, ni nzima. Ikikwama, kuna uchafu au mkwaruzo.

Kisha toa klipu na mfuniko wa nyuma, na kabla ya kugusa chochote, piga picha. Pete ina alama upande mmoja. Andika alama hiyo ilitazama wapi. Panga vibamba kwa mfuatano ulivyovitoa. Ncha moja ya kila kibamba ni ya mviringo, na hiyo ndiyo inayotazama nje, kwenye pete. Nimeona pampu iliyofungwa kibamba kimoja kinyume. Haikuvuja hata tone, lakini ilikula pete yake.

Hapo ndipo pa kuamua kama pampu inastahili kutengenezwa. Pitisha ukucha ndani ya pete: ukikwama kwenye mawimbi au michirizi, acha, tafuta pampu nyingine. Pima nafasi kati ya kibamba na mfereji wake kwa vile vibao vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Ikizidi takriban 0.03 mm, imechoka. Mwisho tazama shafti mahali sili inapokaa, na bushi inayoishika. Nafasi kati ya shafti na bushi ikifika 0.07 mm, unene wa unywele tu, imefika kikomo.

Kipimo hiki cha mwisho nakisisitiza kwa sababu kiliwahi kunigharimu. Nilimfungia jirani yangu, mwalimu mstaafu, sili mpya kabisa. Wiki ya tatu tone likarudi. Nilipofungua tena, sili ilikuwa nzima. Shafti ndiyo iliyokuwa ikitikisika ndani ya bushi. Mdomo wa mpira hauwezi kuifuata shafti inayoyumba, hata uwe wa kiwanda gani. Nilikuwa nimebadilisha kilichoonekana na kuacha kilichosababisha.

Ukiridhika na chuma, fungua ripea kiti yako, yaani pakiti ya sili na oringi mpya, na ulinganishe kila oringi na ya zamani, unene na upana. Sili ya zamani itolewe bila kukwaruza tundu lake. Mpya iingie mdomo wenye springi ukitazama ndani, kwenye mafuta, ikigongwa polepole kwa soketi yenye upana wake ili iende sawa pande zote. Zungushia shafti utepe laini mahali penye kingo kali, paka mafuta ya stelingi kwenye mdomo wa sili, ndipo uipitishe. Kingo ya chuma inaweza kuukata mdomo huo usione, na ukajua siku ya pili. Ukimaliza kufunga, zungusha shafti kwa mkono. Iwe laini, bila kukwama popote. Vasa za shaba za mpira wa presha ziwe mpya.

Katika tangi weka ATF ya Dexron II au III kwa Toyota hizi. Honda ina mafuta yake, na magari mengi ya Ulaya hutumia mengine, kwa hiyo soma mfuniko. Mafuta ya breki yasikaribie: hushambulia mpira wa sili hizi, na kazi yako yote itaharibika.

Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uweke stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, polepole, mara kadhaa, huku mwenzako akiongeza mafuta. Halafu washa na urudie, bila kuushikilia mwisho zaidi ya sekunde chache. Povu likiisha na mlio ukinyamaza, hewa imetoka.

Usiku huo laza boksi safi la karatasi chini ya gari. Asubuhi, kama pale chini ya puli ni pakavu lakini kuna doa jipya katikati, usiilaumu pampu. Stelingi sasa inapata presha yake kamili, na sili za reki, ule mtambo wa chini unaogeuza magurudumu, zenye umri uleule, zimeanza kusema. Wiki ijayo tutashuka huko.