Jibu Linalochelewa

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyeugua manjano kali ambayo haikutibiwa mapema, anaweza kubaki na mtindio wa ubongo. Takriban mmoja kati ya kila wanne wenye hali hii hawezi kuzungumza. Huko Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako akina mama wengi bado hujifungulia mbali na hospitali, swali linalowasumbua wazazi ni moja: atasema lini? Hoja yangu ni kwamba tusisubiri kauli ndipo tuanze mazungumzo, kwa kuwa mazungumzo huanza machoni. Mtoto anayetaka maziwa hukitazama kikombe, humtazama mama, kisha hukirudia kikombe. Mwenye mtindio hutaka vivyo hivyo, lakini kila akijitahidi kutazama, mwili hukakamaa na shingo humpeleka upande mwingine. Jibu lake huchelewa, nasi tukadhani amekataa, au hana la kusema. Basi na akalishwe vizuri, kichwa kikiwa kimeegemezwa katikati. Mlezi ashike kikombe mkono huu na blanketi mkono ule, usawa wa macho ya mtoto, aulize anachotaka, kisha anyamaze ahesabu hadi kumi, hata zaidi. Kile atakachotazama apewe papo hapo, kikitajwa jina.

Wapo watakaosema mama anajiona tu anaelewa. Na abadilishe mikono: macho yakikifuata kikombe mara kwa mara, hiyo si bahati nasibu. Wengine huhofia kuwa ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Uchunguzi wa tafiti kuhusu njia mbadala za mawasiliano uliochapishwa mwaka 2006 haukupata hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Kwa wengi uliongezeka, ingawa kidogo.

Hoja nzito zaidi ni uhaba wa wataalamu, na familia zinazohama kufuata malisho. Hapa kazi ya watafiti Joseph Gona, Karen Bunning na wenzao huko Kilifi, pwani ya Kenya, ina somo. Hawakuwaita watoto kliniki, bali waliwafuata majumbani. Kwa miezi 6 walipanga malengo pamoja na walezi wa watoto 9 na kutumia vifaa vinavyopatikana papo hapo kijijini. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, walezi waliona mawasiliano ya watoto yameimarika. Kama mlezi ndiye anayefundishwa, ujuzi huo huhama naye, na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa vya kazi mwaka 2023, wanaweza kuufikisha hadi mlangoni kwake.

Hata hivyo, mafanikio ya Kilifi yalipanua shughuli za kijamii za watoto kwa kiasi tu. Mama anaweza kujifunza kumngoja mwanawe; je, majirani, madrasa na shule za Garissa nani atawafundisha? Na mhamasishaji mwenye kaya chungu nzima za kuzungukia atapewa muda gani wa kukaa na mtoto mmoja ambaye jibu lake huchelewa?