Mtoto Akishikwa kwa Kosa: Kazi ya Wazazi na Jamaa

Miasenyi iko upande wa Voi, mahali ambapo reli na barabara kuu iendayo Mombasa hupita katika nchi kavu ya mifugo. Huko, kama mahali pengine pengi, wako wazazi wanaodhani ya kwamba mtoto akishachukuliwa na polisi, shauri lake limekwisha toka mikononi mwa nyumba yake. Baba hubaki nyumbani kwa aibu, mama hulia, na mtoto husimama peke yake mbele ya hakimu. Dhana hiyo si sawa, na hasara yake ni kubwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewapa wazazi na jamaa kazi katika shauri la mtoto, na wasipoifanya wao, hapana mwingine awezaye kuifanya vema.

Kwanza ni habari ya umri. Chini ya sheria ya zamani, mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Sheria ya 2022 imeupandisha umri huo hata miaka 12. Tena mtoto aliye chini ya miaka 14 huhesabiwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka korti ithibitishiwe kwa ushahidi ya kwamba alijua. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa si karatasi ya kusahauliwa sandukuni. Mzazi akikileta upesi, huenda kikaamua shauri zima.

Pili ni siku ya kushikwa. Polisi hawana budi kuwaarifu wazazi. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru mtu aliyeshikwa apelekwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti ifuatayo ikiwa saa hizo zaishia siku ambayo korti haikai. Mtoto naye asifungiwe ila kama hapana njia nyingine, tena kwa muda mfupi, mbali na watu wazima. Lakini mtoto asiye na mtu wa kumdhamini huenda akakaa rumande, si kwa ukubwa wa kosa lake, bali kwa kuwa hapana aliyekuja. Nauli ya kwenda Voi siku hiyo ni ghali, lakini kutokwenda ni ghali zaidi.

Tatu, si kila kosa lazima limalizikie kortini. Tuseme kijana wa miaka 15 ameiba baiskeli ya jirani na kuivunja. Ikiwa ushahidi upo, naye amekubali kosa kwa hiari yake bila kushurutishwa, na yeye na mzazi wake wakaridhia, shauri laweza kuepushwa na korti. Njia moja ni mkutano wa jamaa. Kijana, wazazi wake na mwenye baiskeli huketi pamoja. Aliyeibiwa hueleza hasara aliyoipata, kijana huomba radhi, kisha hupatana jinsi ya kuilipa. Huenda ikaamuliwa kijana afanye kazi siku za mapumziko mpaka baiskeli itengenezwe, asikose shule, na awe nyumbani kabla ya usiku. Baba asilipe yote kimyakimya, kwani mtoto aliyelipiwa hakujifunza kitu.

Mkutano wa namna hii uliwekwa katika sheria ya New Zealand mwaka 1989, kwa kufuata mila za Wamaori, wenyeji wa nchi ile. Lakini kwa watu wa Taita jambo hili si geni. Wataita wana desturi ya kutasa: mtu hutia kinywaji kinywani, akakitema huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba amani. Walijua tangu zamani ya kwamba malipo bila kutoa hasira hayaleti upatanisho. Na Katiba yenyewe yahimiza upatanisho na njia za jadi, maadamu hazivunji haki za mtu.

Mipaka iko, na kila mzee yampasa kuifahamu. Kosa la kumnajisi mtoto halimalizwi barazani kwa mbuzi. Hilo ni la polisi na korti. Wala kumpiga mtoto si dawa. Zamani korti iliweza kuamuru kijana achapwe viboko, lakini adhabu hiyo iliondolewa katika sheria mwaka 2003.

Shauri likifika kortini, afisa wa probesheni huweza kuja nyumbani kuuliza habari za mtoto, kisha humwandikia hakimu taarifa. Aambiwe kweli yote, hata ile yenye aibu: kama baba ni mlevi, au kama mtoto aliacha shule kwa kukosa karo. Hakimu hawezi kuponya ugonjwa aliofichwa. Na mtoto akipelekwa shule ya kurekebisha tabia, kama ile ya Likoni, jamaa wasimsahau. Ipo siku atarudi, na akiikuta nyumba imemfungia mlango, atarudia wale waliompoteza.

Mwisho, wazazi wanaweza kusaidia kuitengeneza kazi yenyewe. Korti zina kamati za watumiaji wa korti, ambamo mahakimu, polisi, maafisa wa watoto na raia huzungumza juu ya kasoro za kazi. Mzazi aliyeona mtoto amechanganywa na watu wazima, au shauri limeahirishwa mara nyingi bila sababu, apeleke habari hiyo huko badala ya kunung'unika njiani.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sheria ya sasa yawaita mama na baba wote wawili, pamoja na jamaa, wafunze kabla ulimwengu haujaanza kazi yake.