Oili yenye jina la trekta lako hutengenezwa na nani?

Mkulima mmoja wa mpunga wa Dakawa, mkoani Morogoro, alinionyesha madumu mawili ya oili aliyoyaweka kando ya trekta lake la New Holland. Moja liliandikwa Ambra, jina la oili inayouzwa na mawakala wa trekta hilo. La pili lilikuwa la kampuni ya mafuta ya kawaida, na lilikuwa la bei nafuu.

“Mwanangu, wewe umesoma,” aliniambia. “Hawa wa trekta wana kiwanda cha mafuta kweli, au tunauziwa jina?”

Jibu fupi ni kwamba kiwanda hawana. Kuunda injini ni kazi moja, na kutengeneza vilainishi ni kazi nyingine kabisa. Kampuni ya magari au matrekta huandika sifa za oili inayoitaka, huingia mkataba na kampuni ya mafuta, kisha dumu hubandikwa nembo yake.

Historia ya Ambra yenyewe inaeleza mengi. Zamani Fiat ya Italia, iliyokuwa na matrekta pia, ilikuwa na kampuni yake ya vilainishi karibu na jiji la Turin. Kampuni hiyo baadaye ilijulikana kama FL Selenia. Fiat iliiuza, ikapita mikononi mwa wawekezaji, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Petronas, shirika la mafuta la Malaysia. Oili za Ambra ziliendelea kutoka huko. Kwa hiyo mkulima aliyekuwa akinunua “oili ya New Holland” alikuwa, bila kujua, mteja wa Wamalaysia.

Hali ni hiyo hiyo kwenye magari. Nchini Marekani, oili ya Motorcraft inayouzwa kwa jina la Ford imekuwa ikitengenezwa na Phillips 66, na ile yenye jina la Toyota imetoka ExxonMobil. Nchi nyingine mtengenezaji anaweza kuwa mwingine, kwa sababu mikataba hufungwa kwa maeneo. BMW ilikuwa ikitumia Castrol, iliyonunuliwa na BP mwaka 2000, lakini mwaka 2015 ikahamia Shell. Nembo kwenye dumu ilibaki ya BMW.

Tena, hata kampuni za mafuta hazifanyi kila kitu peke yake. Oili ya injini ni mafuta ya msingi yaliyochanganywa na viungo: vya kusafisha masizi, kuzuia kutu, kupunguza msuguano. Viungo hivyo ndivyo vinavyotofautisha oili nzuri na mafuta matupu, na duniani sehemu kubwa hutoka kwa kampuni nne tu: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Infineum ni ya ubia wa ExxonMobil na Shell. Washindani hao wawili wanaogombea wateja barabarani wanamiliki jiko moja la viungo.

Je, basi mkulima anunue lolote la bei rahisi? Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea.

Kinachotakiwa kulingana ni sifa. Kwenye dumu tafuta herufi za API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, za C ni za dizeli. Daraja la CF-4 lilikuja mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Kama kitabu cha trekta kinataka CF-4 yenye unene wa 15W-40, oili ya CI-4 yenye unene huo inafaa, iwe na nembo ya trekta au isiwe nayo. Pia angalia maneno. “Imeidhinishwa” maana yake mtengenezaji wa injini ameikubali. “Inafaa kwa” ni maelezo ya muuzaji mwenyewe. Mercedes-Benz, kwa mfano, hutoa orodha ya oili ilizozikubali, nyingi zikiwa za kampuni mbalimbali za mafuta.

Kwenye giaboksi na haidroliki nakushauri uwe mwangalifu zaidi. Matrekta mengi yana breki zinazofanya kazi ndani ya mafuta, na oili isiyo sahihi huzifanya zipige kelele na kulika mapema. Hapo tafuta namba yenyewe: MAT 3525 kwa New Holland, M1145 kwa Massey Ferguson, J20C kwa John Deere. Dumu la kampuni nyingine lenye namba inayotakiwa na kitabu chako linaweza kutumika. Lisilo nayo liache dukani, hata fundi akiapa.

Tufanye hesabu ya mfano. Trekta linalochukua lita nane, likibadilishwa oili kila saa 250 na kufanya kazi saa 1,000 kwa mwaka, linakunywa lita 32. Ikiwa nembo inaongeza Sh5,000 kwa lita, hiyo ni Sh160,000 kwa mwaka. Si fedha ya kutupa. Lakini trekta likiwa bado ndani ya dhamana, soma mkataba kwanza. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 inayokataza kampuni kufuta dhamana kwa sababu tu mteja hakununua bidhaa ya nembo yake. Sisi huku tusijitetee kwa sheria ya Wamarekani. Omba wakala akuandikie ni sifa gani anazozikubali, na utunze risiti.

Mzee wa Dakawa alitoa kitabu chake, kurasa zimejaa grisi, tukalinganisha namba. Dumu la bei nafuu lilikuwa na daraja linalotakiwa la injini, lakini halikuwa na namba ya haidroliki. Akaamua litumike kwenye injini tu.

Nilipokuwa naondoka aliniambia jambo lililonikaa. Kuna kijana hupita pale kijijini kununua madumu matupu, na kwa yale yenye nembo ya trekta hulipa mara mbili, mradi kifuniko kiwe kizima. Nilimwomba atafute msumari ayatoboe yote.